Mito Miwili, Mabomba ya Wengine: Karne ya Maji Ukiitazama Kutoka Ndithini

Wadi ya Ndithini, katika eneobunge la Masinga, kaunti ya Machakos, imekaa mahali ambapo mgeni akitazama ramani atadhani maji si shida. Karibu nayo unapita mto Thika, unaoteremka kutoka milima ya Aberdare hadi kumwaga maji yake katika ziwa la bwawa la Masinga. Kusini, ng'ambo ya nyanda za Yatta, unapita mto Athi ukielekea baharini. Lakini kiangazi kikikaza, barabara za vumbi za Masinga hujaa punda, kila mmoja na mitungi minne ya lita 20 mgongoni, miwili huku na miwili huku, na nyuma yake mama au mtoto aliyetoka nyumbani kabla hapajapambazuka.

Mvua ya Ukambani ni haba na hubadilika-badilika, hilo halina ubishi. Lakini mvua peke yake haielezi kwa nini maji ya mto Thika yanafika Nairobi kwa bomba na kufika vijijini Masinga kwa punda. Maelezo yako katika maamuzi yaliyofanywa kwa zaidi ya miaka mia moja kuhusu pesa za maji ziende wapi, nani ahesabiwe kuwa mlipaji, na uchafu unaobaki umwagwe kwa nani.

Kabla ya mabomba, Wakamba wa upande huu waliishi na maji kwa kuyafuata. Mito mingi ya Machakos hukauka juu, lakini chini ya mchanga maji hubaki. Watu huchimba shimo mtoni, hulizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, kisha huteka kwa kata, kidogo kidogo, wakisubiri maji yajikusanye tena. Mchanga huyachuja na kuyakinga na jua. Mifugo ilihamishwa kwa majira, na nyanda za Yatta zilikuwa malisho ya akiba. Mpango huo ulidumu kwa sababu watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa wazi. Njaa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, ambayo wazee huiita Ngomanisye, ilionyesha mwisho wa uwezo wake: mvua zilikosekana misimu mfululizo, ndui ikaja juu yake, na vijiji vizima vikafutika.

Kwingineko Afrika Mashariki uwekezaji wa maji wa kudumu ulikuwa jambo la zamani, na ulifuata mali. Magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yana visima virefu, vyoo ndani ya nyumba na mitaro ya kuondoa maji. Kule Kilwa, jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 lilikuwa na birika la kuogea lililojengwa kwa mawe. Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Ni kazi za kujivunia. Hata hivyo, zote zilihudumia mji wenye biashara na ikulu, na shamba likabaki na kisima chake. Serikali ya kikoloni ilipokuja iliendeleza mtindo huo huo, safari hii kwa mabomba ya chuma na sheria.

Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza tangu 1889, miaka kumi kabla ya reli kufika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi. Mji ungeweza kukua Machakos. Reli ikapita kando, na pesa zikaifuata reli. Nairobi ilianza vibaya: vibanda vilivyobanana, hakuna mitaro, na tauni ya mwaka 1902 iliyowafanya wakubwa wachome soko la Wahindi badala ya kulichimbia mfereji wa maji taka. Lakini mji uliokuwa na karakana za reli na walowezi haungeachwa na kiu. Ulivuta maji kutoka chemchemi za Kikuyu, kisha mto Ruiru, kisha bwawa la Sasumua lililokamilika mwaka 1956. Kila hatua ilikwenda mbali zaidi na kupanda juu zaidi, kuelekea Aberdare ambako mito ya Tana huzaliwa. Mombasa nayo, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, ilipata bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima. Wakazi wa Taita Taveta wanaoliona likipita hawajaacha kudai sehemu yao hadi leo.

Machakos ilipata nini wakati huo? Kwanza ilipata lawama. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo waliandika kwamba udongo wa wilaya unamomonyoka kwa kasi ya kutisha kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Kuhusu mmomonyoko walisema kweli. Walichokiruka ni kwamba mifugo ilibanana kwa kuwa mipaka ya hifadhi waliyotengewa Wakamba na mashamba ya walowezi ilikuwa imefunga njia za malisho, Yatta ikiwa mojawapo. Mwaka 1938 serikali ilianza kunyang'anya na kunadi ng'ombe. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba katika upinzani huo, akaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Mimi huihesabu safari ile kuwa sehemu ya historia ya maji. Katika safari hiyo Ukambani iliidai serikali hadharani sababu ya kuikamua ardhi bila kuihudumia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia pesa zilianza kuja kupitia bodi ya maendeleo ya ardhi ya Waafrika iliyojulikana kama ALDEV: makinga maji, mabwawa madogo ya udongo ambayo watu wa Machakos huyaita silanga, na mabwawa ya mchanga. Kazi kubwa kuliko zote upande huu ilikuwa mtaro wa Yatta. Unachukua maji ya mto Thika na kuyatembeza kwa mteremko tu, bila pampu, kwa umbali unaokaribia kilomita 60 juu ya nyanda kavu kupitia sehemu za Kithimani na Matuu. Ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya waliouchimba ni wafungwa wa Mau Mau waliowekwa kambini. Walichimba kwa sururu na majembe, chini ya bunduki, bila kuulizwa. Hakuna hesabu ya gharama ya mtaro ule iliyo kamili ikiwa haikuhesabu miili yao.

Mtaro huo bado unapitisha maji. Kizazi baada ya kizazi wakulima wa Matuu wamepanda mboga, mishiri na matunda kwa ajili ya soko la Nairobi na la ng'ambo kwa maji yake, na watu wengi wa kando yake huyanywa vilevile, ingawa haukujengwa kwa maji ya kunywa. Kuta zake ni za udongo, hivyo maji mengi hupotea kwa kupenya, na tope likijaa lisipozolewa, wa mwisho wa mtaro huona vumbi. Mtaro wa Yatta ni shule nzima ya uwekezaji wa muda mrefu. Mkononi una kitu kilichojengwa mara moja na kikalisha watu zaidi ya miaka 60. Humo humo unaona jinsi kinavyodhoofika kila mwaka ambao bajeti ya kuzoa tope imekatwa ili ijengwe miradi mipya ya kufunguliwa kwa hotuba.

Uhuru ulibadilisha lugha, na kwa kiasi fulani ulibadilisha pesa. Mwethya, vikundi vya kufanya kazi kwa pamoja ambavyo serikali ya kikoloni ilijaribu kuvigeuza kazi ya lazima, vilirudi kuwa vya wenyewe, na wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake. Kina mama wa Machakos walichimba silanga na makinga maji kwa mkono, huku harambee ikilipia saruji. Kuanzia 1978 Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na zege unaokata mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga. Ni maarifa yale yale ya shimo la mtoni, yakiongezewa saruji. Mradi wa maendeleo wa Machakos uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya kuanzia mwaka huo huo uliongeza nguvu kwa muongo mmoja hivi. Wilaya iliyoandikiwa kifo katika miaka ya 1930 ilikuwa, kufikia miaka ya 1990, inatajwa na watafiti duniani kama mahali ambapo watu waliongezeka na ardhi ikatunzwa vizuri zaidi. Sifa hiyo inawastahili wakulima kabla ya mtu mwingine yeyote.

Serikali kwa upande wake iliahidi, katika mpango wake wa maji wa miaka ya 1970, kwamba kila Mkenya atakuwa karibu na maji safi ifikapo mwaka 2000. Katika muongo huo ikaanza kujenga Masinga. Bwawa lilikamilika mwaka 1981, lenye nafasi ya mita za ujazo zipatazo bilioni 1.56, kubwa kuliko mabwawa mengine yote ya mto Tana. Kazi yake ya kwanza ni kuyawekea akiba ya maji mabwawa ya umeme yaliyo chini yake, na lenyewe huzalisha megawati 40. Malisho na mashamba yalifunikwa. Miaka mitatu baadaye ikaja njaa ya 1984, ambayo Ukambani iliitwa Nikw'a Ngwete, kwa kuwa hata mwenye pesa mfukoni hakupata cha kununua. Ziwa lipo, na watu wa pembeni yake wanapanga foleni kwenye shimo la mchanga. Baadaye bomba lilitolewa Masinga hadi mji wa Kitui. Linasaidia, na Kitui ilikuwa na haja. Lakini ona linavyofuata desturi ya zamani: kutoka penye maji hadi penye mji, likipita juu ya vijiji.

Kuna kitabu ambacho kila mtu anayepanga bajeti ya maji angepaswa kukisoma. Katika miaka ya 1960 Gilbert White, David Bradley na Anne White walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima jinsi familia zinavyopata maji, na mwaka 1972 wakachapisha Drawers of Water. Masii, hapa Machakos, ilikuwa moja ya sehemu walizochunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wengine walirudi sehemu zile zile. Watu wasio na bomba walikuwa wamepanda kutoka lita 11 hivi kwa mtu kwa siku hadi karibu 20. Waliokuwa na bomba nyumbani walikuwa wameshuka kutoka lita 128 hadi karibu 66. Mabomba yalikuwepo, lakini maji hayakuja, au yalikuja usiku mara mbili kwa wiki. Miji ilikuwa imekua juu ya mitambo ile ile ya zamani, na pesa za matengenezo zikawa za kwanza kukatwa kila hazina ilipobanwa. Ninasisitiza takwimu hizi kwa sababu tumezoea kuhesabu miradi iliyozinduliwa. Hatuhesabu iliyokufa.

Sasa turudi mtoni. Mwaka 1994 bwawa la Ndakaini lilikamilika juu ya mto Thika, huko Murang'a, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Takriban kilomita 12 za handaki zimeongezwa miaka ya karibuni kuvuta maji ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini, licha ya kelele za wakazi wa Murang'a. Mito hii yote ni ya Tana. Kwa haki ya mteremko, maji yake yangeingia Masinga. Badala yake yanavushwa hadi bonde la Athi, yanatumika Nairobi kuoga, kupika, kuosha magari na kusukuma choo, na yakishatumika hayarudi Thika. Yanaelekea mashariki kwa mto Nairobi hadi Athi, na Athi inaingia Machakos.

Kwa hiyo Machakos inalipa mara mbili. Upande wa kaskazini inapata mto uliopunguzwa, na ambao kabla ya kuifikia umepita mji wa Thika pamoja na viwanda vyake. Upande wa kusini inapata mto ulioongezwa maji machafu. Sehemu ya maji taka ya Nairobi husafishwa katika mabwawa ya Dandora, upande wa Ruai, yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfumo wenyewe ni mzuri kwa nchi ya jua. Maji huingia kwanza katika dimbwi lenye kina, jeusi, linalotoa mapovu, ambamo vijidudu visivyohitaji hewa hula uchafu. Kisha hutambaa kwenda madimbwi mapana yaliyogeuka kijani kwa mimea midogo, na jua kwa siku nyingi huua vimelea. Mwishoni ndege hutua. Hakuna mashine ghali, hakuna umeme mwingi. Kinachotakiwa ni nafasi, na tope lizolewe kwa wakati. Tatizo ni kwamba mji umekua kuliko mabwawa na kuliko mabomba yanayoyalisha. Maji taka ya mitaa isiyo na mabomba, pamoja na yale yanayomwagwa usiku kutoka viwandani na magari ya kunyonya vyoo, hufika mtoni bila kupita Dandora. Kushuka na mto, wakulima wa kaunti ya Machakos huyavuta kwa pampu hadi kwenye sukuma wiki, ambayo siku mbili baadaye inauzwa Nairobi.

Ng'ambo ya Machakos, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa la Thwake, kwa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 36, litakaloshika zaidi ya mita za ujazo milioni 680. Sehemu kubwa ya maji yake itatoka Athi. Viongozi na wataalamu wameonya mara nyingi kwamba bila kuusafisha mto kuanzia Nairobi, tunajenga ghala la maji taka. Mabilioni yako kwenye ukuta. Kiasi kidogo sana kimekwenda kwenye mabomba ya mitaa ya Nairobi ambayo yangeufanya ukuta huo uwe na maana. Hapa ndipo mwelekeo wa karne nzima unapojionyesha: bwawa huonekana, bomba la maji taka huzikwa. Sensa ya 2019 ilikuta kaya zisizofika 10 katika kila 100 nchini zimeunganishwa na bomba kuu la maji taka.

Sheria hazijakosekana. Sheria ya Maji ya 2002 ilitenganisha wanaojenga, wanaouza na wanaosimamia. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilifanya maji safi ya kutosha na usafi wa mazingira kuwa haki, na ikakabidhi huduma hizo kwa kaunti. Sheria ya 2016 ikalingana nayo. Kampuni za maji zinatakiwa kujitegemea kwa bili. Kwa wastani wa nchi, zaidi ya lita 40 katika kila 100 zinazosafishwa hazilipiwi, ama zinavuja, ama zinaibwa, ama mita imekufa. Kampuni inayopoteza hivyo haiwezi kukopa, na isiyoweza kukopa haiwezi kulaza bomba litakalodumu miaka 50. Inachoweza ni kungoja ruzuku, na ruzuku ina kalenda ya uchaguzi. Ndiyo maana Ukambani umejaa visima virefu vilivyochimbwa mwaka wa kura: tangi juu ya nguzo, jina la mradi kwa rangi, na mwaka wa pili pampu imeungua. Vingine maji yake yana chumvi hata ng'ombe anayakataa.

Yapo yanayofaa kuigwa, na si mbali. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, nchini Tanzania, iliuza hatifungani ya miaka kumi, shilingi za Tanzania zaidi ya bilioni 53, kwa riba ya asilimia 13.5, na wananchi na taasisi wakainunua kupita kiasi kilichotangazwa. Riba hiyo si ndogo. Lakini deni liko kwa sarafu ya nyumbani, na ili lilipike Tanga inalazimika kupima kila lita. Hapa kwetu, mfuko wa maji wa Tana ya Juu ulioanzishwa mwaka 2015 unawachangia wakulima wa milimani wazuie mmomonyoko, kwa kuwa tope linagharimu Nairobi na mabwawa ya umeme. Hoja ya mfuko ule ni sahihi, na ndiyo inayonifanya niulize: kama mnywaji wa Nairobi anaweza kumlipa mkulima wa juu kwa kumletea maji safi, kwa nini asimlipe mkulima wa chini anayepelekewa maji machafu? Tozo ndogo kwenye bili ya jiji, ikifungiwa kwa kazi ya mito ya Thika na Athi pekee, ingekuwa deni linalolipwa na mdaiwa wa kweli.

Na katika soko la Ndithini lenyewe? Masoko ya ukubwa wa Ndithini kote nchini yanakua kwa namna moja: duka, bucha, nyumba za kupanga nyuma, shule ya bweni, kituo cha mafuta. Kila ploti ina choo cha shimo, na kila mwenye uwezo anachimba kisima umbali wa hatua chache. Yakifika watu elfu chache, kinyesi na maji ya kunywa vinaanza kukutana chini ya ardhi bila mtu kuona. Nairobi ilifika hapo mwaka 1902 na inalipa hadi leo kwa kubomoa ili ipitishe bomba. Mahali ambapo barabara hazijafungwa na majengo, kutenga njia ya bomba na ekari chache za madimbwi ya kutibu tope la vyoo kunahitaji mchoro na ramani ya ploti kuliko pesa. Masinga ina jua la kutosha na ardhi ya kutosha kwa mabwawa ya aina ya Dandora, madogo, yanayoweza kuendeshwa na watu wawili wenye reki na buti.

Machi, Aprili na Mei 2024 mvua ilishuka hadi bwawa la Masinga likafurika, na maji yakapita juu ya mlango wa bwawa kwenda kuharibu mashamba na nyumba kuelekea Garissa. Mwaka 2009 kituo cha umeme cha bwawa lilelile kilifungwa kwa ukame. Katika hali zote mbili, mama wa Ndithini aliteka alipoteka siku zote.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaisha mwaka 2027, na unaofuata utaandikwa baada ya vikao vya wananchi katika kila wadi. Katika vikao hivyo kisima kingine chenye tangi na rangi mpya kitaombwa kwanza, kwa kuwa kiu ni ya leo. Wakazi wa Ndithini wana haki ya kuomba pamoja nacho bomba lililotolewa kihalali kutoka bwawa la Masinga, bajeti ya matengenezo ya miaka kumi iliyoandikwa kwa jina na kiasi, ardhi ya madimbwi ya maji taka iliyopimwa na kusajiliwa kabla ploti hazijauzwa, na barua rasmi ya kaunti kwenda Nairobi yenye hesabu ya kile mito hii miwili imebeba tangu 1994.